Mkono Juu ya Tumbo

Kopo lenyewe bado ninalo. Ni la enameli nyeupe yenye ukingo wa buluu, linabeba lita mbili kamili, na chini yake hutoka mpira mwekundu wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Nilikabidhiwa na Bruda Kamili, mtawa aliyetibu wagonjwa shuleni kwetu, siku nilipomaliza masomo, mwaka 1946, mbele ya shule nzima, kwa sababu nilikuwa nimemsaidia katika chumba cha wagonjwa kwa miaka mitatu bila kuchelewa hata siku moja. Wenzangu walipewa rozari na vitabu. Mimi nilipewa kopo, wala sikuona aibu. Nilijua nimekabidhiwa kanuni.

Asiyewahi kulala katika bweni letu hana budi kuelezwa. Jumamosi ya kwanza ya kila muhula, wavulana wote mia mbili na kumi walipanga mstari nje ya chumba cha wagonjwa ili wapigwe bomba. Bruda aliliita lavement. Sisi tuliliita bomba, kama wanavyoita wengi maji yanayoingizwa kwa njia ya nyuma kuosha utumbo. Maji ya vuguvugu, sabuni iliyokunwa, kijiko kimoja cha chumvi. Bruda aliamini kwamba mvulana arudiye kutoka likizo amebeba tumboni minyoo, pombe ya ndizi aliyoonjeshwa na wajomba zake, na uvivu, na kwamba vyote vitatu vina mlango mmoja wa kutokea. Kazi yangu ilikuwa kulishika kopo juu kwa mkono ulionyooka. Yeye, kabla ya kumpiga kila mvulana, aliweka kiganja juu ya tumbo la mvulana huyo, chini, upande wa kulia, akatulia kidogo, kisha akakiondoa upesi. Mara chache alimtoa mvulana mstarini na kumpeleka kitandani bila kumpiga bomba. Tuliwaonea wivu hao. Tulisema Bruda amewabariki na kuwasamehe. Hatukuuliza. Katika shule yetu aliyeuliza "kwa nini" alilima bustani ya mapadri mpaka jua litue.

Nilipoanza kufundisha Gisenyi, nikaoa na kupata nyumba, niliipeleka kanuni ndani ya nyumba hiyo. Tulikuwa mjini wanafunzi saba wa zamani wa shule ile, na katika nyumba zetu zote saba Jumamosi ya kwanza ya muhula ilikuwa Jumamosi ya bomba, kwa mke na kwa watoto. Wavuvi na wauza samaki wa ufukweni walituita Wazungu wa Bomba, na walipotuona tunapita na suruali zilizopigwa pasi waliulizana kwa sauti kubwa kama tumeshaoshwa au bado. Tulinyoosha shingo, tukaenda zetu.

Mtu mmoja tu alinipinga kwa hoja. Huyo alikuwa Munyaneza, muuguzi wa hospitali, mtu mfupi mwenye maneno machache, ambaye Jumapili moja baada ya misa alinishika mkono na kuniambia:

"Mwalimu, utumbo si sakafu ya darasa hata uudeki kila muhula."

"Uchafu ni uchafu, popote ulipo."

"Bomba lina kazi yake, sikatai. Mtu aliyefunga choo siku tano, tunampiga. Anayeandaliwa kupasuliwa, tunampiga. Lakini mtu mzima wa afya unamwosha nini? Unamwondolea chumvi na nguvu, na sabuni inamchubua ndani. Mwili unajiosha wenyewe kila asubuhi, bila kopo."

"Mimi nimepigwa bomba mara kumi na nane, Munyaneza, na sijalazwa hata siku moja."

"Na mimi sijapigwa hata mara moja, na sijalazwa pia. Sasa tufanyeje?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliona ni mtu aliyejifunza kazi bila kufundishwa nidhamu.

Mwezi wa Septemba 1957, Ijumaa, binti yetu Donatha alirudi kutoka Bugeshi, alikokaa likizo yote kwa mama mzaa mama, Nyiraneza. Alikuwa na umri wa miaka tisa, naye ndiye mtoto wetu wa pekee. Mke wangu, Mukantwari, alikuwa amekwenda kumchukua, na walishuka pamoja kwa miguu tangu alfajiri. Njiani mtoto alitapika mara mbili. Alipoingia ndani alikuwa ameinama, mkono umeshika kiuno, kama kikongwe.

"Baba Donatha," alisema mke wangu, "mtoto hawezi kusimama wima. Jana ilimuuma kitovuni. Leo imeshuka huku kulia."

"Amepata choo?"

"Tangu juzi hajapata."

"Basi ni minji, zile njegere, na viazi vya bibi yake. Kesho ni Jumamosi ya bomba. Imekuja kwa wakati wake."

Nikaenda shuleni kupanga madawati. Niliporudi alasiri, nilimkuta mtu amechutama kando ya kitanda cha mwanangu. Alikuwa Bibi Saidati, mjane wa fundi cherehani katika mtaa wa Waislamu, aliyejulikana mjini kote kwa kibuyu chake chenye shingo ndefu. Kwa kibuyu hicho, na kwa maji ya majani ambayo hakumwambia mtu ni ya nini, aliwaosha matumbo watoto wa nusu ya mji. Darasani nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu, tena si mara moja, kwamba kile kibuyu ni ushenzi.

"Karibu kwako, Mwalimu," alisema bila kugeuka. "Usitafute kibuyu. Haiko. Nimekuja na mikono tupu."

"Nani amekuita?"

"Tumbo ya mutoto ndiyo imeniita."

Mke wangu alitazama chini. Bibi Saidati aliweka vidole vyake juu ya tumbo la Donatha, akavizamisha polepole, kisha akaviondoa ghafla. Mtoto alipiga ukelele mfupi, magoti yakapanda.

"Pole, mama, pole. Bibi amemaliza." Akajifuta mikono kwenye kitenge, akasimama kunikabili. "Mwalimu, mi ninakula kwa kuosha matumbo. Nikimuosha huyu, munanipa kuku. Na mi nasema, hii haioshwi. Mumubebe sasa hivi, mumupeleke hospitali."

"Majani yako yamekushinda, kwa hiyo unataka na maji safi yashindwe?"

"Sufuria iko na ufa. We unataka kuijaza maji?"

"Ufa umeuona kwa macho gani?"

"Kwa mukono."

"Mkono si kitabu, Bibi Saidati."

"Eeh. Na kitabu haina mukono."

Nilimwonyesha mlango. Alivaa kandambili zake taratibu, na alipofika kizingitini aligeuka, si kwangu bali kwa mke wangu.

"Mama Donatha, tumbo ya namna hii ikinyamaza ghafula, usifurahi."

Mukantwari alinifuata hadi uani. Hakuwa mwanamke wa kubishana. Siku hiyo alibishana. Alisema hospitali haiko mbali, alisema Munyaneza tunamjua, alisema hata kama ni minji, daktari atatuambia ni minji na tutarudi. Nilimjibu kwamba nyumba inayobadili kanuni kwa neno la mwenye kibuyu haina tena kichwa. Nilisema tutampeleka Jumatatu ikiwa bomba halitamsaidia. Nakumbuka nilisema maneno hayo kwa sauti ya chini na ya upole, kwa sababu nilifundishwa kwamba mwenye haki hapandishi sauti.

Jumamosi asubuhi nilichemsha maji, nikayapooza, nikayapima kwa kiwiko. Nilikuna sabuni. Nilitia kijiko cha chumvi na kukisawazisha kwa kisu. Mke wangu, ambaye kila mara ndiye aliyenishikia kopo, alisimama ukutani amekunja mikono, akakataa kulishika. Basi nililitundika kwenye msumari.

Donatha hakuwahi kulia siku za bomba. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Asubuhi hiyo alinishika kidole.

"Baba, leo niache. Muhula ujao unipige mara mbili."

"Kanuni haina mkopo, mwanangu. Lala ubavu wa kushoto."

Kabla hajageuka niliweka kiganja changu juu ya tumbo lake, chini, upande wa kulia, kama alivyofanya Bruda Kamili, na kama nilivyofanya mimi mwenyewe miaka yote kwa kila mtu wa nyumba yangu. Nilifumba macho. Nilisema sala fupi ya kumwombea mgonjwa. Kisha nikaondoa mkono upesi. Alilia, nami nilidhani ni woga wa mpira.

Maji yaliingia nusu kopo.

Baada ya hapo alijikunja, akapiga yowe ambalo majirani walilisikia, na mama yake akampokea kifuani. Akatoa maji, na uchafu kidogo. Nikaosha mpira, nikautundika ukauke. Haikupita saa moja, Donatha alinyooka kitandani, akafungua macho, akasema kwa sauti nyepesi:

"Baba, imeacha kuuma."

Aliomba maji ya kunywa. Alitabasamu. Sitaficha nilichohisi, maana hadithi hii haina maana nikikificha: sikuhisi shukrani, nilihisi ushindi. Nilivaa koti, nikashuka hadi mtaa wa Waislamu, na nikamkuta Bibi Saidati barazani na wanawake wenzake wakichambua maharage.

"Nimekuja kukupa habari, Bibi," nilisema, nao wote wakasikia. "Mtoto amepona. Kwa kopo, wala si kwa kibuyu."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Imenyamaza?"

"Imenyamaza kabisa."

Aliuweka ungo chini, maharage yakamwagika, naye hakuyatazama. Alijifunga kitenge kiunoni, akanipita akipanda njia ya nyumbani kwangu mbio mbio, mwanamke wa miaka sitini. Nilimfikia mlangoni pangu, nikasimama mbele yake.

"Mwalimu, hii ni saa ya kukimbia."

"Hii ni saa ya chakula. Nenda kwako."

"Mutoto anakufa mu nyumba yako, na we umesimama hapa kama askari wa kizuizi!"

"Nenda kwako, nimesema."

Alinitazama, akatema mate pembeni, akaenda. Nilimtazama mpaka akakata kona.

Saa tisa mwili wa Donatha ulikuwa unachoma kama jiwe la jikoni. Ilipofika jioni tumbo lote lilikuwa limevimba na kukaza, si upande wa kulia tu, na alikuwa anapumua kwa juu juu, kwa mabega. Sikuwa tena na kanuni ya kutumia. Nilisema ni homa ya malaria, nikampa kwinini, akaitapika. Mvua kubwa ilishuka kutoka milimani usiku huo, na nikajiambia mvua ndiyo inayotuzuia. Jumapili kengele ya misa ilipolia, mke wangu alikwisha kutoka mwenyewe kuwaita wanaume. Walikuja wanne kutoka ufukweni, wavuvi, wale wale walioniita Mzungu wa Bomba. Walileta ingobyi, ile machela ya kusukwa ambayo watu wetu humbebea mgonjwa mabegani. Hakuna aliyesema neno la mzaha. Mmoja wao alivua shati lake akamfunika mtoto miguu.

Daktari alimpasua saa sita mchana. Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na Mukantwari, na kati yetu pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Munyaneza alipotoka, aproni yake ilikuwa imelowa, na kabla hajasema aliketi katika nafasi ile.

"Kidole tumbo kimepasuka," alisema. "Ni kile kijitumbo kidogo kilichoning'inia kwenye utumbo, chini huku kulia. Kilivimba. Usaha umetapakaa tumbo zima. Daktari amesafisha alichoweza, na penisilini tunampa. Msitumaini sana."

"Ni bomba?" aliuliza mke wangu.

Munyaneza alichelewa kujibu, na katika kuchelewa kwake niliona heshima ambayo sikustahili.

"Siwezi kuapa, Mama Donatha. Kingeweza kupasuka chenyewe. Lakini utumbo uliovimba ukiujaza maji, unausukuma. Ndiyo maana sisi tunakatazwa. Ijumaa tungekikata kikiwa kizima, na leo angekuwa anaomba uji." Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, hukumgusa tumbo kabla? Unabonyeza hapa, unaachia upesi. Anayeumia wakati wa kuachia hapigwi bomba. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa."

Alionyesha kwa mkono wake mwenyewe juu ya aproni: kiganja, chini, upande wa kulia, kutulia kidogo, kuondoa upesi.

Nikauona mstari wa wavulana mia mbili na kumi. Nikawaona waliotolewa mstarini, wakipelekwa kitandani, na sisi tukiwaonea wivu.

"Niliweka mkono," nilisema.

"Ukapata nini?"

"Nilisali."

Munyaneza alitazama viatu vyake. Mukantwari aliinuka, akaenda kukaa benchi lingine.

Donatha alifariki Jumatatu, mwanzoni mwa saa ya shule, wakati ambapo mimi kwa desturi huwa nimesimama mbele ya darasa nikiita majina. Wale wavuvi wanne walimrudisha. Baada ya siku za maombolezo mke wangu alikunja nguo za mtoto ndani ya kitenge kimoja, akapanda kwa mama yake Bugeshi. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Kopo lako limebaki msumarini," akaondoka, na mpaka sasa hajarudi.

Mwezi uliofuata wenzangu sita waliniita nyumbani kwa Damascène, karani wa bohari ya kahawa, ambaye shuleni alikuwa kiongozi wa bweni na hakuacha kuwa kiongozi. Waliniwekea kiti cha mbele. Walisali. Kisha Damascène alisimama.

"Ndugu yetu amepata pigo, na sisi tumelipata pamoja naye," alisema. "Lakini nimesikia minong'ono ya mjini. Tusilegee. Kanuni haikukosea, mwili wa mtoto ulikuwa dhaifu. Januari, kila mmoja wetu katika nyumba yake, kama kawaida."

Niliomba ruhusa ya kusema. Niliwauliza swali moja tu, nikianza na aliyekuwa kulia kwangu, nikazunguka meza yote: mkono wa Bruda Kamili juu ya tumbo ulikuwa wa nini?

"Baraka," alisema wa kwanza, akishangaa kuulizwa.

"Baraka," alisema wa pili.

"Baraka, hata mjinga anajua," alisema wa tatu, na wawili wakaitikia. Damascène alikuwa wa mwisho. Alitabasamu kama mtu anayemsaidia mgonjwa kunywa maji.

"Baraka, ndugu yangu. Ulikuwa ukilishika kopo kando yake miaka mitatu. Kama wewe hujui, nani ajue?"

Niliwaambia. Niliwaonyesha kwa mkono, juu ya koti langu, kama Munyaneza alivyonionyesha. Uani watoto wa Damascène walikuwa wakicheza, watatu, na kila mmoja wetu akawasikia.

"Usimchafue Bruda kaburini," Damascène alisema hatimaye.

"Simchafui. Yeye alijua alichokifanya. Sisi tulilibeba kopo tukauacha mkono."

"Msiba umekuvunja."

"Ndiyo, umenivunja. Lakini wewe unao watoto watatu."

Wawili walinifuata nje na kunishika mkono bila maneno. Wanne walibaki mezani. Bruda Kamili alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, na hapakuwa na mtu wa kuwathibitishia ila mimi. Nami, kwa macho yao, nilikuwa baba aliyetafuta wa kumtwika kosa lake.

Basi Januari ilipokaribia, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Zikiwa zimebaki siku nne kabla ya Jumamosi ya bomba, nilishuka hadi mtaa wa Waislamu. Nilitaka kuujua mkono ule kwa hakika, ili niweze kuingia katika nyumba nne zile nikiwaonyesha juu ya matumbo ya watoto wao wenyewe, kabla maji hayajapimwa. Bibi Saidati alikuwa ndani. Juu ya mkeka alilala mtoto wa muuza samaki, na kibuyu kilikuwa kando yake. Aliniona, na hakuniambia karibu.

"Unatafuta nini, Mwalimu?"

"Nimekuja unifundishe mkono."

"We mutu ya kitabu."

"Ndiyo, Bibi."

Muuza samaki, mama wa mtoto, alinitazama, kisha akaangalia pembeni.

"Nawa," alisema Bibi Saidati.

Nilinawa katika beseni lake. Alinishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama mizizi, akakiweka kiganja changu juu ya tumbo la mtoto, chini, upande wa kulia.

"Bonyeza pole. Pole, nasema. Bado. Sasa achia mbio."

Niliachia.

"Amesema nini?"

"Tumbo ni laini," nilijibu. "Halikukaza."

"Mi sikuulizi tumbo. Mukono inauliza tu. Jibu iko ku uso. Huyu mutoto anaogopa, atasema haiumi. Yule atasema inauma, sababu hataki bomba. Uso haijui kudanganya. Rudia, na safari hii utazame uso."

Niliuweka mkono tena. Mtoto wa muuza samaki alinitazama kwa macho makubwa meusi, na nilipobonyeza na kuachia, hakukunja hata kope.

"Eh bien," alisema Bibi Saidati, akichukua kibuyu chake. "Huyu anaoshwa. Umeona?"

Nilimwambia nimeona. Nilisimama, nikamshukuru kwa heshima, nikatoka nje kwenye jua, na pale barazani nikaketi. Jumamosi ile, Donatha alikuwa ameuinua uso wake kunielekea, umbali wa mkono mmoja, na mimi nilikuwa nimefumba macho.